Njia Ilipopita Mlangoni: Historia ya Hewa ya Mbau

Anayetaka kujua kwa nini hewa ya Mbau huwa nzito ifikapo Septemba asianze kwa kuhesabu magari, kwa maana magari ni machache. Mbau ni makao ya posto ya utawala katika wilaya ya Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, kwenye nyanda za chini zilizo kati ya bahari na uwanda wa juu wa Mueda. Watu wake huutegemea mji wa Mocímboa kwa soko, hospitali, ofisi na bandari, na kwa hiyo wako wanaokwenda na kurudi, wengine kwa chapa, yaani daladala za huko, wengine kwa pikipiki, wengine kwa baiskeli. Kwa ukubwa hailingani na Kitengela ya Nairobi wala Mukono ya Kampala, lakini inaishi kwa njia ileile: riziki iko mjini, usingizi uko kijijini, na kati ya hivyo viwili kuna barabara. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba hewa inayovutwa Mbau ni zao la historia ya kuwasogeza watu karibu na barabara hiyo. Sura ya nchi na misimu huamua ni mwezi gani na saa ngapi vumbi na moshi vitabana vifua. Lakini kwamba nyumba zimepangwa ukingoni mwa njia, na kwamba mashamba ya mamia ya kaya yanachomwa mahali pamoja katika majuma yaleyale, hayo yaliamuliwa na watu, katika miaka inayojulikana, na mara nyingi kwa nguvu.

Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotoa masharti. Kutoka ufukweni ardhi hupanda taratibu, ikikatwa na mabonde ya mito inayoteremka kutoka magharibi, mkubwa kati yake ukiwa Messalo, hadi ifike chini ya uwanda wa Mueda ambao kilele chake kinakaribia mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Tofauti na Dar es Salaam au Mombasa, huku hakuna masika na vuli. Mvua ni moja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, ikija na upepo wa kaskazi. Kisha kusi huingia, na kuanzia Mei hadi Novemba nchi hukauka mwezi baada ya mwezi. Majani yaliyokuwa marefu kumpita mtu mwezi wa Machi huwa kuni tupu kufikia Agosti. Udongo wa njia, ambao mvua ziliufanya matope ya kunasa magurudumu, husagwa na matairi na nyayo hadi uwe unga. Kusi yenyewe ni upepo wa nguvu, hasa Juni na Julai, na husukuma vumbi na moshi kuelekea bara. Lakini Septemba na Oktoba kusi huchoka, na kabla kaskazi haijashika kuna majuma ambayo mabaharia huyaita tanga mbili, pepo zikiwa hafifu na zisizo na msimamo. Ni katika majuma hayohayo mioto ya mashamba inapofikia kilele chake na udongo unapokuwa mkavu kuliko wakati wowote wa mwaka. Yaani kile kinachochafua huwa kingi kuliko kawaida, na kile kinachosafisha huwa dhaifu kuliko kawaida.

Zaidi ya mwezi kuna saa. Usiku wa kiangazi mbingu huwa wazi, na ardhi hupoteza joto lake haraka. Hewa iliyogusana na ardhi hupoa na kuwa nzito, ikalala chini ya hewa ya juu ambayo bado ina joto, na kwenye mabonde huteremka polepole ikijikusanya kama maji. Hewa ya namna hiyo haipandi. Moshi wa meko ya jioni, masalia ya moto wa shambani, na vumbi la gari la mwisho hubaki pale pale kwa kimo kidogo juu ya ardhi, mpaka jua lipashe nchi tena, pengine saa mbili au saa tatu asubuhi. Umande, upepo mwepesi wa alfajiri utokao bara kwenda baharini, huisogeza hewa hiyo bila kuitawanya. Sasa angalia ratiba ya msafiri. Katika mkoa huu chapa huondoka gizani, saa kumi au kumi na moja alfajiri, ili abiria wawahi soko na wawahi kurudi kabla jua halijachwa. Moto wa chai na uji huwashwa saa hiyohiyo. Kwa hiyo safari yenyewe imepangwa juu ya saa mbaya kabisa kwa hewa. Ni jambo ambalo halionekani kwa anayesafiri mchana, wakati upepo wa bahari umeshaingia na kila kitu kinaonekana safi.

Hali hii ya nchi na pepo ni ya kale. Ingekuwa yenyewe inatosha kueleza kila kitu, basi historia isingekuwa na la kusema. Lakini watu wa zamani hawakuishi walipo wajukuu wao leo. Jorge Dias, mwanaanthropolojia wa Kireno aliyetafiti Wamakonde na kuchapisha vitabu vyake kuanzia 1964, pamoja na wengine waliomfuata, wanaeleza vijiji vya uwanda wa juu vilivyokuwa vidogo, vya ukoo, vimejificha ndani ya vichaka vizito vilivyoachwa makusudi kuwa ngome dhidi ya wavamizi wa biashara ya utumwa. Maji yalikuwa mbali, chini mabondeni, na wanawake waliyafuata kwa saa nyingi. Ni gharama kubwa, na ilikubaliwa kwa sababu njia kubwa ilimaanisha hatari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa, Mocímboa na Ibo ilipita kwa miguu, na mizigo ilibebwa vichwani, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza wanyama wa kubeba. Mguu wa mtu hutifua vumbi kidogo, na vumbi hilo huanguka hatua chache kutoka njiani. Pwani, miji ya Wamwani ilikuwa na moshi wake: chokaa ya majengo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, na tanuri moja kubwa liliweza kufuka kwa muda mrefu. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya siku maalumu, mbele ya bahari, penye upepo. Moto wa shamba pia ulikuwepo, na wa kuwindia. Sidai kwamba zamani hewa ilikuwa ya peponi. Ninachosema ni kwamba vyanzo vilikuwa vimetawanyika, na nyumba zilikuwa mbali na njia.

Badiliko lilianza na Kampuni ya Niassa, iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala sehemu kubwa ya kaskazini ya Msumbiji katika miaka ya 1890 na kuyashika hadi 1929. Kampuni haikuwa na mtaji wa maana. Mali yake kubwa ilikuwa watu, kwa kodi ya kibanda na kwa kazi ya shuruti, na mtu aliyejificha kichakani hakuweza kuhesabiwa wala kukamatwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mocímboa da Praia ikawa kituo cha jeshi la Ureno dhidi ya Wajerumani wa ng'ambo ya Ruvuma, na mwaka 1917, wakati uleule uwanda wa Wamakonde ulipokuwa ukitiishwa kwa silaha, barabara za kijeshi zilikatwa kutoka pwani kwenda bara. Zilikatwa kwa majembe na mapanga ya watu waliolazimishwa. Novemba mwaka huo kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na vita vilipozidi kusogea kusini wapagazi kwa maelfu waliswagwa nyuma ya majeshi ya pande zote. Amani iliporudi, barabara zilibaki. Zilihitaji kufagiliwa, kufyekwa na kujazwa mashimo kila mwaka, na njia rahisi ya kupata vibarua wa kazi hiyo ilikuwa kuwaweka wanavijiji ukingoni mwake na kumpa kila mkuu wa kijiji kipande cha kutunza.

Baada ya barabara ilikuja pamba, na kwa maoni yangu pamba ndiyo iliyofunga fundo. Kuanzia 1938 serikali ya Lisbon ililazimisha kilimo cha pamba kaskazini yote chini ya bodi maalumu, na katika Cabo Delgado kampuni iliyopewa haki ya kununua ilikuwa SAGAL. Mwanahistoria Allen Isaacman, aliyekusanya kumbukumbu za wakulima wa wakati huo, ameonyesha jinsi katikati ya miaka ya 1940 mamlaka zilivyoanza kuwakusanya wakulima katika maeneo ya pamoja ya pamba, karibu na barabara, ili wasimamizi wawakague kwa urahisi na malori ya kampuni yafike kununua. Tazama mambo mawili yaliyotokea kwa hewa kwa pigo hilo moja. Kwanza, makazi yalihamia mahali gari linapopita. Pili, kalenda ya moto ilibanwa. Mkulima mwenye shamba la mtama na mihogo huchoma kwa wakati wake, kipande leo na kipande mwezi ujao, akitegemea udongo, nguvu kazi na mawingu. Pamba haikumwachia uhuru huo. Baada ya mavuno ya katikati ya mwaka mashina yalitakiwa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipite msimu mmoja kwenda mwingine, na shamba jipya lilitakiwa kuwa tayari kabla ya mvua ya kwanza. Mashamba ya jirani na jirani, yamepangwa bega kwa bega, yakawaka katika majuma machache ya mwisho wa kiangazi. Shuruti hiyo ilifutwa 1961, lakini mpangilio wa makazi haukufutwa nayo.

Vita vya ukombozi vilivyoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, si mbali sana kusini ya Mbau, viliukaza zaidi. Ili kuwatenga wananchi na wapiganaji wa FRELIMO, Wareno waliwahamishia maelfu kwa maelfu katika vijiji vya kijeshi vilivyoitwa aldeamentos, vyenye nyumba za mstari, mara nyingi na seng'enge, na karibu kila mara kando ya barabara ambamo doria ilipita. Kuna jambo moja la enzi hiyo ambalo halitajwi vya kutosha. Jeshi la Ureno liliweka lami katika barabara kadhaa za kaskazini kwa sababu barabara ya udongo ni rahisi kutegwa bomu na ya lami ni ngumu. Kwa bahati, lami hiyo ilipunguza vumbi. Haikuwekwa kwa ajili ya vifua vya wanakijiji, na njia za pembeni zilizoelekea vituo vidogo kama Mbau hazikuwa na umuhimu huo wa kijeshi. Hivyo ndivyo palivyozaliwa tofauti ambayo ipo hadi leo kati ya barabara kuu na njia za matawi.

Uhuru wa 1975 ungeweza kuwarudisha watu vichakani mwao, na wengine kweli walirudi. Lakini FRELIMO ilikuwa na ndoto yake ya kijiji kikubwa chenye shule, kisima, zahanati na shamba la ushirika, na mkutano wake mkuu wa tatu wa Februari 1977 uliifanya kuwa nguzo ya siasa ya mashambani. Mapema katika miaka ya 1980 nchi ilikuwa na zaidi ya vijiji elfu moja vya aina hiyo, na Cabo Delgado ilikuwa na vingi kuliko mkoa mwingine wowote. Vingi vilikuwa aldeamentos zilezile, seng'enge ikiwa imeondolewa. Msomaji wa Tanzania anaijua hadithi hii kwa jina lingine. Operesheni ya vijiji ya 1973 hadi 1976 nayo iliwapanga watu kando ya barabara ili gari la mbegu, la mwalimu na la mwenyekiti wa chama liweze kufika, na James Scott katika kitabu chake cha 1998 aliifanya mfano wa dola inayotaka kuwaona watu wake kwa mstari ulionyooka. Scott aliandika juu ya mamlaka na kilimo, hakuandika juu ya mapafu. Lakini kijiji kinachoonekana vizuri kutoka barabarani ni kijiji ambacho vumbi la barabara nalo linakiona vizuri.

Hapa mtu makini atanisimamisha. Atasema: umekiri mwenyewe kwamba magari ni machache, sasa vumbi hilo lote linatoka wapi? Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko katika namna vumbi linavyozaliwa. Uchafu wa barabara ya lami mjini hutegemea sana idadi ya magari, kwa sababu unatoka kwenye injini, breki na matairi. Uchafu wa barabara ya udongo hutegemea zaidi ukavu wa udongo, wingi wa chembe laini ndani yake, na mwendo na uzito wa gari. Lori moja lililojaa, likienda kasi kwenye udongo wa Septemba, huinua vumbi mara nyingi zaidi ya lile ambalo lingeinua kwenye lami. Sehemu kubwa ya vumbi hilo ni chembe nzito ambazo huanguka ndani ya makumi au mamia machache ya mita, na hapo ndipo mpangilio wa nyumba unapokuwa suala la afya. Nyumba iliyo hatua kumi kutoka njiani hupokea karibu kila kitu. Iliyo mita mia tano, nyuma ya mikorosho na miembe, hupokea kidogo sana. Mtu wa zamani aliyejenga ndani ya kichaka alikuwa na ukuta wa majani kati yake na njia, ingawa alikuwa akimkimbia mshika watumwa, hakuwa akikimbia vumbi. Na si kila chembe huanguka. Zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, huelea kwa siku kadhaa na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Hizo hutoka hasa kwenye moshi.

Pingamizi la pili ni la wenyeji wa pwani yenyewe, na linasema kwamba bahari hufagia. Ni kweli kwa nusu. Mchana wa Juni, kusi ikivuma, hewa ya Mocímboa ni safi kwa kiasi ambacho miji mingi ya bara ingekihusudu. Ila kusi na kiangazi ni kitu kimoja. Upepo unaofagia ndio huohuo unaokausha majani na udongo, na unaosambaza moto shambani. Unapofika bara umeshapita juu ya mashamba ya pwani na kubeba moshi wake. Usiku upepo huo hulala. Na upepo, hata ukiwa na nguvu namna gani, hauwezi kumsaidia aliye kati ya chanzo na mahali unapoelekea: nyumba ya upande wa magharibi wa njia hupokea vumbi la kusi siku nzima. Kilicho na nguvu ya kusafisha kweli ni mvua. Inapoanza, Desemba, vumbi hulala na mbingu hung'aa. Lakini mvua hiyohiyo huwapeleka wapishi ndani. Mafiga yaliyokuwa uani huhamia chini ya paa la makuti, kuni zimelowa, na moshi mzito wa kuni mbichi hujaa chumba chenye mlango mmoja, alipo mama na mtoto aliyembeba mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Msimu unapogeuka, basi, mzigo huhama kutoka kwa anayesafiri kwenda kwa anayepika. Kuuita msimu wa mvua wakati wa hewa safi ni kuisahau nusu ya kijiji.

Moto wa mashamba unahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo wakulima wanapolaumiwa ovyo. Setelaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa 1999 na 2002, zimekuwa zikionyesha kila mwaka mkanda wa moto unaosambaa katika miombo ya kaskazini mwa Msumbiji kuanzia Mei na kufikia kilele kati ya Agosti na Oktoba. Afrika huwa na zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kwa mwaka. Mwaka 2000, utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa SAFARI 2000 ulishuhudia mwezi wa Septemba moshi wa kusini mwa Afrika ukitiririka kama mto kuelekea Bahari ya Hindi. Ukiangalia picha hizo peke yake ni rahisi kusema tatizo ni jembe na kiberiti, na sheria ya misitu ya Msumbiji ya 1999 kweli iliuadhibu uchomaji wa misitu. Lakini miombo imeishi na moto kwa maelfu ya miaka; miti yake mingi huchipua baada ya kuungua. Mkulima asiye na trekta wala ng'ombe, katika nchi ya mbung'o, hana kifaa kingine cha kusafisha shamba kabla ya mvua. Moto huua kupe na viroboto, hurudisha majivu udongoni, hufukuza nyoka karibu na nyumba, na humtoa panya shimoni awe kitoweo. Kumwambia aache bila kumpa kingine ni kumwambia asilime. Na hata ushauri wa kuchoma mapema, Mei au Juni, ambao ni mzuri kwa miti, una upande wake mwingine: majani yenye unyevu hayawaki vizuri, hufuka, na kila kilo inayoungua hutoa chembe nyingi zaidi kuliko majani makavu. Swali la maana si kama watu wanachoma. Ni kwa nini wengi wanachoma mahali pamoja, kwa wakati mmoja, upande wa upepo wa kijiji kikubwa. Wanachoma hivyo kwa sababu makazi yalijumuishwa, mashamba yakajibana kando ya makazi kwa umbali wa kutembea, na muda wa kupumzisha ardhi ukafupishwa. Shamba linalorudiwa mapema halina miti ya kukata, lina majani tu, na majani huchomwa kila mwaka.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo madogo mbele ya majiji, na kwamba anayetaka kuzungumzia hewa ya Afrika Mashariki aende Kampala. Twende, kwa muda mfupi, kwa sababu Kampala inaunga mkono hoja. Tangu 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo vya bei nafuu na kuvifunga mjini na katika miji ya pembezoni, na wastani unaopatikana ni mara kadhaa ya kile kiwango cha maikrogramu 5. Pale kuna magari mengi, ya mtumba, na bodaboda zisizohesabika. Lakini kuna pia mitaa ya udongo mwekundu inayoingia kila upande wa barabara za lami, takataka zinazochomwa, mkaa wa kila jikoni, na mabonde yenye vinamasi baina ya vilima ambamo hewa ya alfajiri hunasa, saa ileile wasafiri wa Mukono na Wakiso wanapoingia mjini. Vyanzo ni vilevile vya Mbau, pamoja na injini juu yake. Tofauti ni kwamba Kampala ina vipimo vingi na wahandisi wa kuvisoma.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha mwisho kwa sababu halijibiki kwa urahisi. Barabara iliwaletea watu wa Mbau vitu wanavyovitaka. Mama mwenye uchungu wa uzazi hufika hospitali, samaki mkavu wa pwani hupanda Mueda kwa baiskeli na kwa gari na kurudi kuwa fedha, mtoto husoma. Kumwambia mtu arudi ndani ya kichaka ili avute hewa safi ni dharau, na sisemi hivyo. Kaskazini hii imeshaona pia maana ya kukimbilia vichakani kwa lazima. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 yaliwatoa watu makwao hadi wakimbizi wa ndani wa mkoa wakakaribia milioni moja. Mji wa Mocímboa ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ambayo mwezi huohuo yaliingia pia Mbau. Vijiji vilichomwa, na moshi wa miaka ile haukuwa wa mashamba. Kwa waliorudi, nyumba iliyo karibu na njia ya doria ni usalama, na mtu aliyelala porini mwaka mzima haulizi kwanza juu ya vumbi.

Lakini ukaribu na barabara una viwango, na historia yote niliyoieleza ilivichanganya kuwa kimoja. Kodi ilitaka nyumba ionekane, pamba ilitaka ifikiwe na lori, jeshi la Ureno lilitaka ilindwe na ichungwe, chama kilitaka ipangwe kwa mstari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji nyumba iwe hatua kumi kutoka kwenye magurudumu. Hatua mia mbili zingetosha kwa kodi, kwa pamba na kwa zahanati pia. Hatua kumi zilikuwa urahisi wa aliyepima kwa kamba. Tangu gesi ilipogunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, malori mazito yamekuwa yakiongezeka katika barabara za wilaya hizi, mengi yakielekea Palma kwa njia iliyokuwa ya udongo mtupu, na misafara ya kijeshi imeongezeka juu yake. Nyumba zinajengwa upya sasa, kwa miti na udongo, na nyingi zinasimamishwa juu ya misingi ya zile zilizoungua, kwenye mstari uleule uliochorwa kabla ya uhuru. Mti mmoja mmoja wa mkorosho umebaki kati ya mlango na njia. Penye safu yake nzima, upande wa barabara, majani ya chini huwa mekundu kwa vumbi kufikia Agosti, na ya upande wa nyumba hubaki kijani.